Chetezo Chini ya Boneti

Mimi skuli nilikaa miaka miwili nikatolewa. Chuoni nilifika juzuu ya nane nikatolewa vilevile, mama alipojifungua na nyumba ikawa haina wa kuteka maji. Kuandika naandika, polepole, kama kuku anavyochakura. Lakini kwa nini injini ya dizeli hukataa kuamka asubuhi, hilo nalijua, na nimelijua tangu sijaolewa. Vijana wa gereji wanaonicheka nikisogelea magari yao na wacheke. Mimi nilishaitibu gari iliyotoka vitani.

Baba yangu alikuwa dereva. Hakuwa na shamba, hakuwa na mkarafuu wala mnazi wa kwake, na kibanda chetu cha Kiembe Samaki kilisimama juu ya ardhi ya kuazima. Alikuwa na usukani. Huo usukani wenyewe ulikuwa wa tajiri mmoja wa mjini, mwenye duka chini na nyumba juu, karibu na Forodhani, aliyeinunua gari ile wanajeshi walipomaliza vita vyao na kuacha vyuma vyao. Lakini umwone baba juu ya kile kiti, kiwiko nje ya dirisha, kofia imelala kidogo upande! Ungesema Unguja nzima kaandikiwa yeye.

Gari ilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, na sisemi kwa kupamba. Ukisimama njiani ulikiona kipaa chetu kinaishia begani mwake. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka, na kwenye mlango wa kushoto palikuwa na tundu la risasi, ambalo baba aliliziba kwa nta ili mvua isiingie. Wengine walisema imepigana Habeshi, wengine Bama. Kazi yake kwetu ilikuwa kwenda Kiwengwa kila asubuhi kuchukua mbata, zile nazi zilizokaushwa, na watu wenye makapu yao, na kufika mjini kabla ya adhuhuri. Ililala ubavuni mwa nyumba yetu, chini ya mshelisheli, kwa sababu vichochoro vya mjini visingeipokea hata pua.

Nilikuwa naamka kabla ya adhana nisikose inapowashwa. Nilikuwa mwari wa miaka kumi na sita hivi, mkubwa wa kutosha kuona haya, lakini kwa hili sikuona haya. Kwanza stata inalalama, kama ng'ombe anayezaa. Halafu kimya kidogo, kama mtu aliyesahau neno. Halafu inakohoa, inatoa moshi mweupe, tena mweusi, na ardhi yote inaingia mtetemo. Vikombe kwenye kabati la mama vinagongana. Mkeka niliokalia unanitekenya nyonga. Kuku wanakimbilia kwa jirani. Nikiweka kiganja ukutani, udongo wenyewe unapumua. Nilisema Subhanallah kila siku, na kila siku niliisema kwa dhati.

Sasa mwaka mmoja katika miaka ile ya hamsini, kipupwe kiliingia kwa nguvu. Umande ulilala juu ya majani ya mihogo mpaka jua linapopanda, na watu walitoka msikitini alfajiri wamejitanda mashuka. Juma lilelile tulikuwa tumepata pipa jipya la kuwekea dizeli, kwani la zamani lilikuwa limetoboka kwa kutu. Mimi ndiye niliyeambiwa nilioshe, nikaliosha. Nalitaja hapa mapema ili usije ukasema nilikuficha.

Asubuhi moja baba alibonyeza stata, ikalalama. Akabonyeza tena, ikakohoa mara moja, ikafa. Akabonyeza mpaka betri ikaanza kusinzia. Wanaume waliotoka kusali wakafunga kanzu zao viunoni, wakaja kusukuma.

"Haya, kwa pamoja! Sukuma!"

"Dereva, umeifunga breki nini?"

"Breki iko kwenye miguu yenu! Sukumeni!"

Waliisukuma mpaka njia kuu, jasho likawatoka kwenye baridi ile, na gari ikaenda kama jiwe linalovutwa. Haikutoa hata chafya. Wakaiacha pale, wakaenda zao wakiguna. Saa tano, jua limeshapanda, baba akaenda kuijaribu kwa hasira tu. Ikawaka kwa mguso mmoja, kama iliyokuwa ikimchezea shere.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Alfajiri maiti, saa tano mzima wa afya. Watu wa Kiwengwa wakawa wanangoja na mbata zao barabarani mpaka jua linawachoma, wakifika mjini soko limeshapoa.

Jirani yetu, muuza vitumbua wa mlango wa pili, alikuwa na jibu lake. Alimwambia mama huku akipuliza kuni:

"Shoga, gari hiyo ina mwenyewe."

"Mwenyewe si tajiri?"

"Tajiri kanunua chuma. Aliyefia mle ndani hajauza."

Baba alikuwa akinawa uso, akasikia. "Na huyo askari wako mbona anaamka saa tano?"

"Kapigana miaka mingapi huyo! Muache alale."

Mama hakucheka. Aliukumbuka mlango wenye tundu la risasi, nikamwona anahesabu kitu moyoni.

Malalamiko yakamfikia tajiri, akamtuma fundi. Alikuwa mtu wa mtaa wa Ng'ambo, asili yake bara, aliyekwenda vitani kufungua na kufunga magari kama yale, akarudi na vidole vinane. Alikuja Jumanne kwa baiskeli, na alipofika jua lilikuwa utosini. Nilimpelekea maji ya kunywa, nikasimama karibu kuliko inavyopasa, nimejitanda kanga mpaka machoni.

Yule bwana alifanya kazi kama mtu anayeosha maiti, taratibu, bila kuruka kiungo. Akashika betri, akasugua vichwa vyake. Akafungua chujio la hewa, akalipuliza. Ubavuni mwa injini kulikuwa na kikombe kidogo cha kioo, mafuta hupita humo kabla ya kuingia ndani, uchafu ukabaki chini. Akakitazama kwenye mwanga: safi, rangi ya chai ya rangi. Akalegeza mrija na kumwambia baba apampu kwa mkono. Mafuta yakaruka bila povu. Akaufunga.

"Dizeli inataka vitu vitatu," akasema. "Hewa, mafuta na kubanwa. Vyote anavyo."

Ulimi wangu ukanitangulia. "Na kiberiti anawasha nani?"

Baba akanitolea jicho. Fundi akacheka, lakini si cheko baya. Akachomoa pampu kwenye baiskeli yake. "Njoo. Ziba hapo mdomoni kwa kidole gumba. Usiachie."

Nikaziba. Akapampu mara moja, mara mbili, mara nyingi, haraka. Hewa ikapiga kidole changu ikitaka kutoka, nikaikatalia. Halafu akaniambia nishike kile chuma cha pampu, chini. Nikashika, nikauondoa mkono. Kilikuwa cha moto!

"Umeona kiberiti?" akauliza.

"La."

"Hakipo. Ni hewa tu, imebanwa mpaka ikakasirika. Mle ndani inabanwa kuliko hivi, mbali sana. Halafu mafuta yanarushiwa humo kama ukungu, yanashika moto yenyewe."

Wallahi nilisimama pale na kidole changu kama mtu aliyeshika nyota. Hewa hii! Hii ninayoivuta bure, inayopita kwenye kanga yangu, ina moto ndani yake tangu Mungu alipoiumba, na inangoja tu mtu wa kuibana. Siku ile nzima nilivuta pumzi kwa adabu.

Lakini fundi hakuja kunifundisha mimi. Baba alibonyeza stata mbele yake, gari ikawaka mara moja, kwa vile ilikuwa saa saba mchana. Fundi akafuta vidole vyake vinane, akasema bila kupepesa:

"Injini nzima. Mgonjwa ni dereva. Mwili anauamsha, mikono inabaki kitandani."

Baba akashuka kitini. Mtu aliyekuwa akiitandikia gari magunia isinyeshewe, anaambiwa mvivu mbele ya mwanawe. Jioni alipoipeleka gari mjini akarudi na neno la tajiri, akalisema mlangoni hajavua hata viatu.

"Ijumaa kabla ya saa moja gari iwe Forodhani mbele ya macho yake. Isipofika, usukani anampa mwengine. Ameshampata."

Mama akamwekea chakula. Hakula. Nilimwona kavishika vidole vyake vya mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama vile ndivyo watakavyokuja kuvichukua.

Jumatano alfajiri, mama hakumwuliza mtu. Alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza ubani, akainua boneti la upande kama anayefunua mtoto aliyelala. Akatafuta pa kuweka. Palikuwa na kichuma bapa kama rafu karibu na kile kikombe cha kioo, akakiweka chetezo hapo. Mimi nilikuwa nyuma yake na moyo mkononi, maana nilijua pale pana mafuta. Moshi wa ubani ukajaa boneti zima, ukatokea kwenye tundu zake kama kwamba gari inapumua. Mama akasoma anachokijua, akampa salamu huyo askari, akamwomba radhi kwa kelele na kwa mizigo.

"Sasa bonyeza," akamwambia baba.

"Mtaniunguzia gari, nyie wanawake!"

"Bonyeza, bwana!"

Akabonyeza. Ikalalama, ikakohoa, ikawaka! Kabla ya jua! Muuza vitumbua akapiga kigelegele mpaka mbwa wakaitikia. Baba akaondoka kwenda Kiwengwa anacheka na kutikisa kichwa, hataki kuamini wala hataki kuuliza. Mimi nikabaki nimeduwaa. Asubuhi nzima nilikwenda nikiguna peke yangu: basi na majini nayo yanajua dizeli.

Mama naye akafanya anachofanya mtu aliyekubaliwa dua, akaongeza. Alimwagiza mtu mjini, Darajani, akapata udi mzuri wa kufukizia maharusi. "Askari ni mgeni," alisema. "Mgeni humpi ubani siku mbili."

Alhamisi alfajiri tukawa tayari wote. Na kwa heshima, mama hakukiweka chetezo tena kwenye grisi. Alikiweka ndani, juu ya kiti cha kushoto, ubavuni mwa lile tundu la risasi, mahali ambapo marehemu angekuwa amekaa. Udi ukanukia mpaka barabarani. Baba akapanda, akasoma Bismillahi kwa sauti, akabonyeza.

Ikalalama. Ikakohoa. Ikafa.

Akabonyeza mpaka mama akaziba masikio. Muuza vitumbua akasogea na sahani yake mkononi.

"Huo udi umemlewesha, shoga. Askari hajazoea raha."

Hakuna aliyecheka. Baba akashuka, akaingia ndani, akajilaza na mkono juu ya uso. Ijumaa ilikuwa kesho.

Mimi nikaenda nyuma kuchana nywele, maana dunia ikianguka nywele bado zinataka kuchanwa. Nikachukua chupa yangu ya mafuta ya nazi. Yalikuwa yameganda, meupe, magumu kama nta. Wakati wa kipupwe hufanya hivyo kila asubuhi, nami nikafanya kama kila asubuhi: nikailaza chupa ukingoni mwa jiko, karibu na makaa ya chai, nikangoja. Saa tano hayahitaji jiko, yanayeyuka yenyewe.

Saa tano.

Nikakaa na chanuo kichwani. Yale mafuta yalianza kuyeyuka upande wa makaa tu. Upande ule yakawa maji, upande wa pili bado jiwe. Nikageuza chupa, na upande ule nao ukayeyuka. Nikamwona mama kichwani mwangu anaweka chetezo pale kwenye kichuma bapa, ubavu kwa ubavu na kile kikombe. Nikamwona leo anakiweka kitini. Nikasema kwa sauti, peke yangu, kama mwehu: si ubani, ni makaa!

Nikakimbia nywele zimesimama. Nikapanda juu ya tairi, nikainua boneti. Kile kikombe ambacho fundi alikiona rangi ya chai, sasa kilikuwa cheupe ndani, kama nyama ya dafu. Nikakigusa, baridi. Na hapo, bado mkono wangu uko kwenye kioo, nikalikumbuka pipa, na furaha yangu yote ikanishuka miguuni.

Lile pipa jipya alitupa mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kinu cha kukamulia mafuta ya nazi mjini. Lilikuwa la mafuta ya nazi. Aliniambia, "Lioshe vizuri, binti, chini kumebaki." Mdomo wa pipa ni mdogo, mkono hauingii, jicho halioni. Nami siku ile nilikuwa na haraka, wenzangu walikuwa wananingoja kwenda kupakwa hina kwenye harusi ya jirani. Nikateka maji ya kisima, ndoo tatu, ya baridi, nikamimina, nikalibiringisha pipa uwanjani kwa mguu, nikayamwaga. Maji yalitoka kama yalivyoingia, hayana hata jicho moja la mafuta. Nikasema limetakata. Mama akauliza, nikasema limetakata. Kumbe mafuta yalikuwa yameganda chini kama saruji, na maji ya baridi yamepita juu yake tu. Nimezaliwa mahali ambapo mafuta ya nazi ndiyo ya nywele na ya taa, halafu nayaosha kwa maji ya baridi wakati wa kipupwe! Mtoto wa miaka sita asingefanya hivyo. Dizeli ikamiminwa juu yake, jua likalipiga pipa, vikachanganyika, na kila alfajiri nazi ikajitenga na kuziba koo la gari.

Nitasema kweli kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa. Nilishuka kwenye tairi nikafikiri kunyamaza. Kosa tayari lilikuwa na mwenyewe. Askari wa watu, aliyefia mbali hata kaburi hana, alikuwa tayari kunibebea, na Kiembe Samaki yote ingemshuhudia. Ningeweza kumwambia mama tu, rudisha chetezo mahali pale pa jana. Gari ingewaka, Ijumaa ingepita, na mimi ningebaki na hina yangu. Lakini baada ya Ijumaa ipo Jumamosi. Na pipa lilikuwa bado limejaa.

Nikaingia ndani.

"Baba."

"Sema."

"Nnajua kinachoiua gari."

"Kakwambia nani, muuza vitumbua?"

"Chupa yangu ya mafuta ya nywele."

Akaondoa mkono usoni. Nikamwonyesha ile chupa, nusu maji, nusu jiwe. Nikamweleza makaa, nikamweleza kikombe. Alikuwa ameshakaa kitako. Halafu nikamweleza pipa, na sauti yangu ikawa ndogo.

"Ulioshea maji gani?"

"Ya kisima."

"Na mama yako alipokuuliza?"

"Nilisema limetakata."

Nikangoja kofi. Baba hakuwa mtu wa kupiga, lakini kofi lile nilikuwa nimelistahili na shavu nilishaliweka tayari. Akashusha miguu chini. Halafu akavaa viatu.

"Kachemshe maji. Birika lile kubwa."

Jua lilikuwa halijafika chini ya mshelisheli. Nilileta birika linafoka. Baba akafunga kitambaa kwenye mrija, akaniambia nimimine kidogo kidogo, kwenye mrija kwanza, halafu kwenye chuma cha kikombe, nisikipasue kioo. Tukaweka macho yetu pale, yeye na mimi, vichwa vimekaribiana kama watu wanaochungulia kiota. Ile nyama nyeupe ikalegea. Ikawa wingu. Ikazunguka polepole, ikapasuka katikati, na rangi ya chai ikapita. Nikasikia baba anashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumanne.

"Mimi napampu hapa," akasema. "Wewe panda kitini."

"Kiti gani?"

"Kiti kipo kingapi? Panda, ukabonyeze nikikwambia."

Nikapanda. Sijawahi kukaa juu kiasi kile maishani mwangu. Udi wa mama ulikuwa bado unanukia mle ndani. Niliuona mgongo wa paa letu, niliona makuti yaliyooza, niliona uwanja wa jirani na nguo zake za ndani kwenye kamba. Mbele yangu usukani, mpana kama ungo wa kupetea.

"Bonyeza!"

Nikasema Bismillahi, nikabonyeza. Yule ng'ombe wa stata akalalama chini ya miguu yangu, si mbali ukutani kama zamani, bali ndani ya mifupa yangu. Nikafikiri: hewa inabanwa. Mle gizani, sasa hivi, hewa inabanwa mpaka inakasirika. Na ikakasirika. Gari nzima ikashtuka, moshi ukapanda mpaka kwenye mashelisheli, meno yangu yakagongana, na moto usio na kiberiti ukawaka mahali ambapo jicho la mtu halifiki, kwa mkono wangu mimi niliyetolewa chuoni juzuu ya nane. Nililia. Sikujua kama nalia mpaka niliposikia muuza vitumbua anapiga kelele uwanjani:

"Yarabi! Sasa jini kamwingia mtoto!"

Dizeli nyingine hatukuwa nayo mpaka tajiri atoe, kwa hiyo Ijumaa alfajiri tulichemsha mabirika mawili. La kwanza likaiwasha gari. La pili nikalivika gunia na kanga mbili, nikapanda nalo upande wa kushoto, chini ya tundu la risasi, iwapo itazima njiani. Ndivyo nilivyosafiri kwenda mjini siku ile, birika mapajani, linaniunguza, na sikulisogeza.

Haikuzima. Tulifika Forodhani bahari bado ya kijivu. Tajiri alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa. Pembeni yake yule fundi wa vidole vinane, na pembeni ya fundi kijana mmoja amevaa shati safi, kashika kofia kwa mikono miwili. Nikajua ndiye huyo mwengine.

"Izime," tajiri akasema.

Baba akaizima.

"Iwashe."

Ikawaka mara moja. Tajiri akanywa kahawa yake. "Basi ilikuwa na nini?"

"Mafuta ya nazi ndani ya pipa," baba akasema. "Pipa lilitoka kinuni. Halikuoshwa sawasawa. Asubuhi yanaganda yanaziba."

"Nani hakuliosha?"

Nikaliangalia birika langu. Nilikuwa na jibu mdomoni, ninaapa, nilishafungua mdomo.

"Mimi," akasema baba.

Tajiri akamtazama yeye, akaitazama gari. "Miaka yote nnauza mafuta ya nazi," akasema, "sikujua kama na magari yanakunywa." Kisha akamgeukia yule kijana. "Rudi nyumbani, mwanangu. Na wewe dereva, pita ghalani ukachukue dizeli nyingine. Kiwengwa wanakungoja."

Fundi akaja dirishani kwangu. Akakiangalia kile kifurushi cha magunia.

"Umeleta chai?"

"Maji ya moto, fundi."

Akautazama mvuke unaotoka mdomoni mwa birika. Akazunguka, akainua boneti, akakishika kile kikombe, akapitisha kidole kimoja kati ya vile vinane kwenye mrija, akanusa. Aliporudi alikuwa hacheki.

"Vitani nimekuta maji kwenye mafuta," akamwambia baba, "nimekuta mchanga, nimekuta hata mende. Nazi sijaikuta. Mimi nilikuja na jua, dereva, ndilo kosa langu. Nilikutukana bure."

Baba akampa mkono.

Nilitaka aongeze kitu pale. Nilitaka aseme, aliyejua ni binti yangu, huyu hapa, mwulizeni. Nilitaka sana, na hata leo nikifika hapa katika kukumbuka nautaka tena. Lakini neno lile lina ncha mbili. Huwezi kumtoa mtu mwenye kujua ukamwacha ndani mwenye kuharibu. Baba alilimeza lote, ncha zote mbili, akarudi nyuma ya usukani wake na kukiweka kiwiko dirishani.

Tulipopita Mnazi Mmoja, akasema bila kugeuza kichwa:

"Lile pipa utaliosha tena."

"Naam, baba."

"Kwa maji gani?"

"Ya moto."

"Kiasi gani?"

"Mpaka nilione limelia mafuta yake yote."

Nikaliosha siku mbili. Nilibeba kuni mpaka mabega yakachubuka, na kilichotoka mle kilitoka cheupe na kijivu, kinanuka nazi na dizeli, hata kuku walikikimbia. Mama alikaa kizingitini akinitazama, hakunisaidia. Habari ya pipa alishaisikia yote, akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza uongo wa adabu. Ijumaa iliyofuata alitoka na chetezo chake alfajiri na kukiweka pale kwenye kichuma bapa karibu na kikombe, kama siku ya kwanza, akamsalimu askari wake. Baba akangoja amalize kusoma, ndipo akabonyeza.